Ukuta Kati ya Kinyozi na Mkewe

Nisizunguke. Togashi Eizo na mkewe Mineko walifanya kazi nyumba moja, chini ya paa moja, kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo kati yao palikuwa na ukuta. Si kwamba walikosana. Ukuta uliwekwa kwa sababu sheria ilisema kinyozi ni kinyozi na msusi ni msusi, na hawa wawili hawafanyi kazi chumba kimoja. Kinyozi ana leseni yake: anakata nywele na kunyoa ndevu kwa wembe. Msusi ana leseni yake: anatengeneza nywele za kina mama, anazitia dawa, anazikunja, anazipaka rangi. Mkitaka kuwa nyumba moja, wekeni ukuta, milango miwili, masinki mawili, na kila mtu abaki kwake.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni afya ya umma. Afya gani? Jioni hao wawili wanapanda ghorofani, wanakula sahani moja ya figili na kulala chumba kimoja. Ukweli ni kwamba kila kundi lilikuwa linalinda wateja wake, na serikali ikawa mlinzi wa mlango. Hilo tu.

Eizo alirithi kiti cha baba yake, kile cha chuma kizito na ngozi nyekundu, kinachomlaza mtu chali kama yuko kitandani. Mineko alitoka ng'ambo ya reli, akaolewa leseni yake ikiwa tayari mkononi. Wakagawa chumba cha mbele. Kushoto akakaa Eizo, na ule mlingoti wa rangi tatu, alama ya vinyozi, unazunguka nje. Kulia akakaa Mineko na mapazia yake ya maua. Katikati mbao na plasta, kutoka sakafuni mpaka darini.

Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, sauti zote zilipita. Eizo akitaka chai alipaza sauti tu, na Mineko akamjibu kwamba mikono yake ina dawa, ajipikie. Wateja nao waliingilia. Mzee Kamada, fundi wa reli mstaafu aliyesoma na Eizo shule ya msingi, alikuwa akilala pale kitini na povu mpaka masikioni huku akibishana na kina mama wa upande wa pili kuhusu bei ya kabichi. Hakuwaona, hawakumwona. Baadaye walikutana sokoni wakatambuana kwa sauti.

Binti yao Sayo alikulia humo, anapita mlango huu, anatokea ule. Alipomaliza shule alikwenda Sendai kufanya kazi kwenye kampuni ya bima, na mikasi hakutaka hata kuisikia. Wazazi walielewa. Hapa Akita tunajisifu kwamba vinyozi wetu ni wengi kuliko sehemu nyingine zote za nchi, lakini vichwa vya kunyolewa vinazidi kupungua, na waliobaki wana upara.

Mineko aliniambia mwenyewe, siku moja akinipunguza nywele, kwamba ukuta ulimfundisha kusikia. Asubuhi alikuwa akisikia brashi ya mumewe ikizunguka ndani ya kikombe cha povu, kwa mwendo ule ule, mwaka hadi mwaka. Kisha ikaja asubuhi moja akasikia brashi inagonga kikombe. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Akasimama na nywele za mteja mkononi mwake, akasikiliza. Mchana walipokula tambi alitazama mkono wa kulia wa mumewe ukiinua vijiti, na vijiti vilikuwa vinachezacheza.

Alijua. Mumewe naye alijua kwamba amejua. Hakuna aliyesema neno, na hali hiyo ikaendelea hivyo kwa muda mrefu mno, kama kawaida ya watu wa huku.

Kipindi hicho hicho likafunguliwa duka karibu na stesheni. Lilikuwa la kampuni ya Tokyo, moja kati ya mamia. Dakika kumi, yen elfu moja, unakatwa nywele, unapulizwa shingo kwa bomba la hewa, unaondoka. Hakuna kuoshwa, hakuna kunyolewa ndevu, hakuna kuulizwa mama yako anaendeleaje. Meneja wake, kijana mmoja mpole anaitwa Hoshikawa, alipita duka kwa duka kabla ya kufungua, akainama, akagawa taulo mpya kama mgeni yeyote mwenye adabu. Eizo aliipokea ile taulo na akaitumia. Taulo nzuri, alisema.

Vijana wakahamia stesheni. Wafanyakazi wa ofisi ya mji nao wakahamia. Mimi siwalaumu, maana mtu mwenye haraka na mshahara mdogo afanyeje? Lakini angalia kilichotokea. Waliobaki kwa Eizo ni wale wanaotaka kulazwa chali, kufunikwa uso kwa taulo ya moto na kunyolewa taratibu mpaka shingoni. Ushindani ulimchukulia kazi yote aliyokuwa bado anaiweza, ukamwachia ile moja ambayo mkono wake ulikuwa umeanza kuikataa.

Hakuweza hata kuacha. Bila kiti hicho Eizo hakuwa na sababu ya kushuka ngazi asubuhi. Mineko alikuwa anaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba mumewe atamkata mtu, na kwamba mumewe ataacha kazi. Usiku hakulala vizuri kwa sababu ya kile cha kwanza, na asubuhi aliamka na kile cha pili.

Chama cha vinyozi kilifanya nini? Mwenyekiti, Ogasawara, alikuja na dawa yake: kila duka la kunyoa lilazimishwe kuwa na sinki ya kuoshea nywele. Kwa usafi, alisema. Duka la stesheni halikuwa na sinki, na kila mtu alielewa usafi unaozungumzwa ni upi. Ogasawara alizunguka mtaa wetu wa Hinode mzima akikusanya mihuri ya kuunga mkono, maana huku muhuri ndiyo sahihi ya mtu, na Eizo akagonga wake bila kusoma. Halmashauri ya mji ikakubali. Hoshikawa akaweka sinki. Hakuna aliyewahi kuoshewa kichwa pale. Walianikia vitambaa juu yake, na biashara ikaendelea. Vinyozi wa mtaa walikuwa wameshinda, na hawakupata mteja hata mmoja.

Mwaka uliofuata, theluji ilipoanza kuyeyuka, ikaja ile habari. Eizo alikuwa anakula mchana, televisheni iko wazi. Mtangazaji akasema sheria imelegezwa: kuanzia sasa kinyozi na msusi wanaruhusiwa kufanya kazi chumba kimoja. Eizo alinyanyuka kabla sentensi haijapoa. Akaenda kuupiga ukuta kwa kiganja, anamwita mkewe, anampigia kelele kama kijana. Mtangazaji akaendelea na sentensi ya pili. Sentensi ya pili haikupata msikilizaji nyumbani kwa Togashi.

Mineko, tusimwonee, alishauri wakaulize kwanza ofisi ya afya. Eizo alimjibu kwamba amengoja tangu nywele zake nyeusi, sasa akaulize nini? Wamesema kwenye taarifa ya habari. Jumatatu, siku ambayo vinyozi wote wa hapa wanafunga, alikuja Mzee Kamada na nyundo ya reli. Kamada alipiga, Eizo alivuta mbao, Mineko alifunika viti kwa mashuka na kulalamika kuhusu vumbi. Kufikia jioni mwanga wa dirisha la Mineko ulikuwa umefika kwenye kiti chekundu. Kamada alikaa kwenye kiti akatazama upande wa pili, akasema miaka yote hii alidhani kule ni kuzuri zaidi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Bila ukuta, Mineko aliweza kumwona mumewe akifanya kazi. Siku za kwanza alitazama tu. Kisha siku moja Kamada yuko kitini, wembe unakaribia koo, na Mineko akavuka chumba, akasimama nyuma ya mumewe na kuweka kiganja chake chini ya kiwiko chake. Mkono ukatulia. Wembe ukapita. Eizo hakugeuka kumtazama, alifuta wembe kwa kitambaa akaanza upande wa pili, na kiganja kikamfuata.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Wateja wengi hulala macho yamefumbwa, hawakujua. Kamada ndiye aliyelala macho wazi, na yeye alijua kila kitu, akaendelea kulalamikia bei ya kabichi. Ilikuwa miezi mizuri. Mineko anasema ndiyo miezi aliyofanya kazi na mumewe, ile miaka mingine walifanya kazi jirani.

Miezi hiyo ikaishia majira ya vuli. Hoshikawa, aliyekuwa amelazimishwa kuweka sinki, aliiandikia ofisi ya afya akaomba maduka yote ya kunyoa mjini yakaguliwe, si lake peke yake. Ilikuwa haki yake. Nimemsikia Ogasawara akimwita mnafiki, lakini mimi nauliza, aliyeanza kutumia kanuni kama fimbo ni nani?

Mkaguzi alikuwa dada mmoja anaitwa Narita, mdogo kwa umri kuliko Sayo. Alifika asubuhi, akavua viatu vyenye matope mlangoni, akaomba radhi kwa usumbufu. Kamada alikuwa kitini, nusu ya uso imeshanyolewa. Narita akasema wamalizie tu, yeye atasubiri. Akakaa kwenye benchi. Eizo akashika wembe, na Mineko akabaki upande wake wa chumba, anakunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Wembe ulifika chini ya taya na mkono ukaanza. Eizo akauondoa. Akajaribu tena, akauondoa. Hapo Mineko akaweka taulo chini, akaenda, akashika kiwiko kama siku zote. Narita alitazama mara moja. Kisha akafungua mkoba wake akatafuta kitu ndani kwa muda mrefu, mpaka Kamada alipofutwa uso.

"Fundi, sheria imebadilika kweli," alisema mwishowe. "Lakini chumba kimoja ni kwa wenye leseni zote mbili. Kila anayefanya kazi humu lazima awe kinyozi na awe msusi."

"Mimi kinyozi, huyu msusi," Eizo akasema. "Jumla mbili."

"Ni mbili kwa kila mtu, fundi."

Kamada, bado amelala chali, akauliza kama mtu akioa hahesabiwi. Narita akajibu kwa upole kwamba kwenye kanuni hajaiona hiyo. Mineko akauliza habari ya pazia.

"Pazia si ukuta, mama. Nisamehe."

Ndiyo ile sentensi ya pili. Ukiisoma utaiona sasa hivi, imeandikwa wazi kabisa. Watu wa Tokyo wanaandika kwamba vizuizi vimeondolewa, soko liko huru, watu washindane. Halafu wanabakiza mlango ambao mzee wa miaka sitini na tisa anatakiwa arudi shule kwanza ndipo apite. Kwa kijana anayeanza leo, sawa. Kwa Togashi ule mlango ulikuwa umechorwa ukutani.

Narita angeweza kufunga duka siku ile ile. Aliwapa mpaka mwisho wa mwaka. Alipokuwa anavaa viatu, alimwambia Mineko kwa sauti ndogo kwamba kuna masomo mafupi kwa mwenye leseni moja anayetaka ya pili, ya kusomea nyumbani kwa sehemu kubwa, na karatasi zake ziko ofisini. Eizo alisikia. Alikuwa anaosha brashi, na maji yalikuwa yamefungwa.

Jioni walikaa ghorofani, miguu ndani ya blanketi la meza yenye moto chini. Mineko alikuwa ameshaamua. Wamwite seremala, ukuta urudi, kila mtu upande wake kama zamani, jina la Togashi libaki mlangoni. Alisema yote hayo haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Eizo alikuwa anamenya chenza, na ganda lilikuwa linatoka vipande vidogo vidogo, na maji ya chenza yanamtiririka mkononi.

"Ukuta ukirudi, nitamkata mtu," alisema.

Mineko akamwambia asianze. Amekata wangapi maisha yake yote? Mikwaruzo tu.

"Mama Sayo. Nitamkata mtu koo. Na atakuwa Kamada, kwa sababu yule mjinga ndiye analala macho wazi, halafu atanitazama." Aliweka chenza mezani. "Tangu theluji iyeyuke sijanyoa mtu mimi. Umenyoa wewe. Mkono wangu ulikuwa umeshika wembe tu."

Ilikuwa mara ya kwanza anasema. Mineko anasema alitamani ukuta ungekuwepo wakati ule, ili asimwone uso.

Akajaribu njia nyingine. Yeye afunge upande wake, ahamie kwa mumewe. Eizo akatikisa kichwa. Huko atafanya nini? Hana leseni ya unyozi, hata kukata nywele tu upande ule haruhusiwi. Basi yeye Eizo ahamie kwa mkewe? Huko naye hana leseni ya kitu chochote, labda kumwaga maji. Waliligeuza kila upande, kama watu wanaojaribu kupitisha kabati kwenye mlango mwembamba. Mwisho Eizo akasema lililobaki.

"Nitakwenda ofisini kulifunga duka langu. Chumba kiwe chako chote. We nenda kasome unyozi."

"Nina miaka sitini na moja, Baba Sayo."

"Na mimi nina mkono mbovu. Tushindane nani kaharibika zaidi?"

"Na nikipata, wewe hutarudi kitini. Unaelewa? Chumba kitakuwa cha mwenye zote mbili. Ndiyo basi tena."

"Naelewa Kijapani," alisema Eizo. "Kiti kisilale. Mimi naweza kulala."

Mineko akauliza wembe atajifunzia wapi, wateja ni marufuku mpaka afaulu. Eizo alijipangusa mkono, akajigusa shavu. Sheria haijamkataza mtu kunyoa mumewe nyumbani, alisema. Hiyo bado hawajaifikia.

Mwisho wa mwaka kila mtu hapa hunyolewa, hakuna anayetaka kuingia mwaka mpya na nywele za zamani. Eizo alifanya kazi mpaka siku ya mwisho, kiganja cha mkewe chini ya kiwiko, na sasa hawakuficha. Wateja walifumbua macho wakaona. Wengine walifumba tena. Kamada alikuwa wa mwisho. Alipofutwa uso alibaki amelala, akasema huduma ya leo haikumridhisha, arudishiwe ndevu zake. Eizo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akazima mlingoti wa rangi tatu, na wiki ya kwanza ya Januari akapeleka karatasi za kufunga duka, akiwa amevaa suti aliyomzikia baba yake. Narita alizipokea kwa mikono miwili.

Kwenye takwimu za mkoa, mwaka ule duka moja zaidi la kinyozi lilifungwa. Mtu atasoma hiyo namba aandike kwamba ni matokeo ya ushindani, asiye na ufanisi ametoka sokoni. Sijui huyo mtu atakuwa amekatwa nywele na nani.

Kila asubuhi, kabla hajafungua mapazia yake ya maua, Mineko alimnyoa mumewe kwenye kiti chekundu. Eizo alikuwa mwalimu mbaya. Alinung'unika, alifoka, alimwambia anashika wembe kama kisu cha samaki. Mineko alimwambia anyamaze asije akakosa mdomo. Lakini tetemeko halikukaa mkononi tu. Kufikia mwaka wa pili lilikuwa limepanda shingoni, na kidevu nacho kikaanza kuchezacheza. Mineko alijifunza kukibana kidevu kwa vidole vya kushoto, kwa nguvu, na kusubiri, na kupitisha wembe pale kinapotulia. Hakuna mwanafunzi nchi nzima aliyejifunzia uso mgumu kama ule.

Na ndiyo maana alifeli. Siku ya mtihani alipewa kumnyoa kijana mwenzake wa darasani, uso umetulia kama bakuli la maziwa. Mineko akambana taya kama anavyombana mumewe, akasubiri. Akasubiri tetemeko ambalo halikuwepo. Muda ukaenda. Alipopitisha wembe, vidole vyake vilikuwa vimeacha alama nyekundu kwenye ngozi ya yule kijana. Msimamizi alimuuliza kwa nini anamshika mtu kama anazuia asianguke. Mineko akainamisha kichwa.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba alikosea pembe ya wembe. Eizo alimtazama kidogo. Halafu akamwambia Kamada aje asubuhi. Kamada alikuja, na kwa kuwa yeye si mume wa mtu pale, Eizo hakutaka wembe uguse shavu lake. Alimtaka Mineko aweke vidole tu. Hapa uso umetulia, alisema, uone, achia. Achia zaidi. Kamada, ambaye kwa miaka miwili alikataa kunyolewa kwingine akawa anajinyoa mwenyewe na kutembea na vipande vya karatasi kidevuni, alilala pale kila asubuhi kushikwa taya bure. Alisema mkewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kumshika kwa upole ule.

Mara ya pili alifaulu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Leseni mbili zikatundikwa ukutani, moja chini ya nyingine, na Narita akaja kukagua, safari hii na keki. Aliandika kwamba chumba kiko sawa: mfanyakazi mmoja.

Duka lilifunguliwa upya katikati ya Januari, theluji imefunga mtaa. Kamada alikuja wa kwanza, akalala kitini. Eizo alikaa kwenye benchi la wateja, sweta amelivaa juu ya sweta. Mineko alikoroga povu, akapaka, akaanza. Alipofika chini ya taya Eizo alisimama, bila kukusudia nadhani, akapiga hatua kuelekea kiti.

"Baba Sayo, rudi kakae," Mineko alisema bila kugeuka.

"Mwache asogee," Kamada akasema ndani ya povu. "Anataka kuhakikisha umenimaliza."

Eizo alirudi akakaa. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akatazama mpaka mwisho. Kamada alipokwisha kuondoka alisema ngozi chini ya sikio imevutwa mno. Mineko akakubali, kweli ilivutwa mno.

Halafu Eizo akachukua koleo akatoka. Kusukuma theluji ni kazi pekee ya duka ambayo hawajaiwekea leseni. Akishika kitu kizito vile mikono hutulia, kwa hiyo aliendelea, akamaliza mlango wao, akamaliza wa jirani, akaelekea stesheni. Hoshikawa alimwona kutoka dirishani, akatoka na koleo lake, akainama, wakaanza kusukuma pamoja.

Mineko alijitokeza mlangoni akapaza sauti mpaka ikawafikia. Kuna mtu amekuja, mgeni, ametoka kwenye treni, amesikia kuna mzee hapa ananyoa vizuri, na anamuulizia kinyozi.

Eizo hakusimama. "Mwambie kinyozi yuko humo ndani," alisema. "Alale tu."